Machungwa ya Malindi

Katika nyumba nyingi za Malindi na Kilifi, mbele ya baraza au uani, huonekana debe kuukuu au chungu kikubwa kilichopandwa mndimu. Mgeni apitaye hudhani ni pambo tu: majani mabichi, maua meupe yanukiayo, na matunda machache ya kupendeza macho. Ni pambo kweli. Lakini ndugu yake mndimu, yaani mchungwa, ana habari katika historia ya pwani yetu ambayo yafaa kila mwanafunzi aijue.

Miti ya jamii hii asili yake ni Asia, lakini pwani hii imeijua tangu zamani. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba mji ule ulikuwa na migomba na milimau.

Mwezi wa Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama wa Ureno zilitia nanga Mombasa zikiwa na wagonjwa. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea wageni kondoo, na machungwa, malimau na miwa tele. Msafiri mmoja aliyeandika habari za safari ile alisema kwamba wagonjwa wote walipata afya mjini hapo. Sababu aliyoitoa ni kuwa hewa ya Mombasa ni njema.

Mapatano hayakudumu Mombasa, na Wareno wakaenda Malindi, ambako mfalme aliwapokea vyema, akawapa rubani wa kuwafikisha Bara Hindi. Kwa upepo wa kusi walivuka bahari kwa siku 23. Kurudi hakukuwa hivyo. Waliondoka mwezi wa Oktoba, kabla ya kaskazi kushika, wakakaa baharini karibu miezi mitatu. Ufizi ukawavimba hata ukafunika meno, miguu ikawavimba, wasiweze kula wala kufanya kazi. Ugonjwa huo ni kiseyeye. Watu 30 wakafa njiani, na katika kila merikebu wakabaki mabaharia saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi.

Tarehe 7 Januari 1499 waliiona Malindi tena. Nahodha alimtuma mtu pwani kutafuta machungwa, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wakiyatamani sana. Siku ya pili yakaletwa, pamoja na matunda mengine. Lakini kwa wengi dawa ilikuwa imechelewa, wakafa papo hapo Malindi. Mwandishi akatoa sababu yake: hewa ya mahali pale haikuwafaa.

Tazameni basi, wanafunzi. Walipopona, mwandishi aliisifu hewa. Walipokufa, aliilaumu hewa. Chungwa lilikuwa mbele ya macho yake mara zote mbili, asilitambue. Miili ya wagonjwa ilijua inachohitaji kabla akili za wenye elimu hazijajua.

Ilipita miaka 248 kabla ya jambo hili kupimwa. Mwaka 1747 tabibu James Lind wa Uingereza aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili, kila jozi dawa yake. Wale wawili waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wenzao. Hata hivyo, ilikuwa mwaka 1795 ndipo jeshi la maji la Uingereza lilipoagiza mabaharia wapewe maji ya malimau. Katika miaka ya 1930 wataalamu walithibitisha kuwa kinachoponya ni vitamini C.

Asiye na shamba asikate tamaa, kwa maana mndimu huridhika na makao madogo. Toboa matundu chini ya debe ili maji yasituame, tandaza kokoto, kisha jaza udongo mwepesi uliochanganywa na samadi iliyooza. Weka debe penye jua, na mwagilia udongo unapoanza kukauka, kwani udongo wa debe hukauka upesi kuliko wa shamba.

Pale Malindi ingali imesimama nguzo ya Vasco da Gama, na wageni huenda kuitazama. Mabaharia waliokufa mjini hapo hawana nguzo. Yeyote atunzaye mndimu barazani kwake na awakumbuke, na akumbuke pia kwamba kuona jambo si kulijua.