Kantini ya Shituru: Duka Lililokuwa Sehemu ya Mshahara

Anayeandika historia ya maduka ya mji wa migodi huanza kwa kuhesabu milango: nani alifungua, nani alifunga, nani alikuja mahali pake. Kwa Shituru, mojawapo ya komini nne za Likasi huko Katanga, Kongo, hesabu hiyo haitoshi. Swali la maana ni lile la mama wa kambini: bunga, yaani unga, la wiki hii limelipwa na nani? Hoja yangu ni kwamba kantini ya kampuni ilikuwa mshahara wenye sura ya duka. Ilipofungwa, mshahara ulipunguzwa, ingawa ni nadra wanahistoria kuuhesabu hivyo.

Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kusafisha shaba kwa umeme Shituru mwaka 1929, katika mji uliojulikana enzi za ukoloni kama Jadotville. Miaka hiyohiyo kampuni iliacha kutegemea vibarua wa muda mfupi, ikataka mfanyakazi akae kambini na mkewe na watoto wake. Posho ikafuata ukubwa wa familia. Kuoa na kuzaa, mambo ya ukoo na wazee, yakaingia katika daftari la mwajiri. Ndiyo maana Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Lubumbashi, aliposimulia maisha ya familia hizi aliwaita watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni.

Wapo watakaosema ninaipamba kantini. La hasha. Anayekulisha anaweza pia kukunyima, na wafanyakazi walilijua hilo mapema. Desemba 1941, vita vikiwa vimepandisha bei, waligoma Jadotville na Elisabethville (Lubumbashi ya leo) wakidai nyongeza ya fedha, na askari wakawapiga risasi. Walitaka kitu wanachoweza kukihesabu wenyewe mkononi. Lakini dai lao halipingani na hoja yangu: walijua kuwa posho na fedha ni sehemu mbili za malipo ya jasho lilelile.

Kampuni ya serikali, iliyokuja kuitwa Gécamines, iliporithi mitambo mwaka 1967 ilirithi pia wajibu wa kulisha familia hizo. Kantini iliuza unga kwa bei nafuu, deni likakatwa kwenye mshahara. Katanga haijawahi kujitosheleza kwa mahindi, na mengi hutoka Zambia, kwa hiyo tofauti ya bei ilibebwa na shaba. Rais Mobutu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, alipotangaza tarehe 30 Novemba 1973 kwamba biashara za wageni zitakabidhiwa Wazaire, maduka mengi ya Wagiriki na Wareno yaliishiwa bidhaa. Naamini aliyekuwa na kantini aliumia kidogo kuliko jirani yake asiye na kazi kwenye kampuni.

Pigo lenyewe lilikuja baadaye. Gécamines iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 ilishuka hadi takriban 30,000 kufikia 1994. Kati ya 1992 na 1993 Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walifukuzwa Katanga. Maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi wakisubiri treni, na wengi walifia hapo au njiani. Mji ulipoteza mafundi na wachuuzi kwa mkupuo. Mwaka 2003, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka, kwa kile kilichoitwa hiari, wakiwa na malipo ya mkupuo mmoja. Mishahara isiyolipwa ilijadiliwa sana, lakini chakula kilichokuwa ndani ya mshahara hakikupata mtetezi.

Linganisha na Nairobi. Kampuni ya maduka makubwa ya Nakumatt ilipoanguka, mshindani wake Carrefour aliingia mahali pake Thika Road Mall, kwa sababu mwenye jengo huishi kwa kodi na hawezi kuvumilia ukumbi mtupu. Shituru, mwenye duka na mwenye ajira walikuwa mmoja. Alipodhoofika hapakuwa na mpangaji wa pili anayengoja mlangoni.

Waliojaza pengo ni wanawake, wengi wao wake wa wafanyakazi, waliolima pembezoni mwa mji, wakanunua mahindi yaliyovuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa na kuyauza kwa meka, kopo linalopimiwa sokoni. Kantini ilihesabu kwa mwezi na kwa familia nzima. Meka hununuliwa kwa fedha zilizopatikana leo, na watakaokula huhesabiwa baada ya kujua limejaa kiasi gani.