Hoteli ya Birdsville: Jengo, Sheria na Wanywaji Wake

Neno 'hoteli' lina sura nyingi katika Afrika ya Mashariki. Mjini Mombasa au Arusha laweza kuwa na maana ya kibanda cha chai na maandazi kisicho na kitanda hata kimoja. Nchini Australia limeelekea upande mwingine kabisa: hoteli ni baa. Chanzo chake ni sheria. Katika karne ya 19, aliyetaka leseni ya kuuza pombe alitakiwa pia awe na vyumba vya kulaza wasafiri, hivyo kila baa ikajiita hoteli, na jina likabaki hata pale ambapo wageni wengi huja kunywa tu. Sisi walimu wa tafsiri tunapaswa kulikumbuka jambo hili tunaposahihisha kazi za wanafunzi.

Mfano mzuri ni Hoteli ya Birdsville, iliyojengwa mwaka 1884 katika nyika ya jimbo la Queensland, takriban kilomita 1,600 magharibi ya Brisbane. Upande mmja iko jangwa la Simpson, upande mwingine mto Diamantina. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wakazi 110 tu. Ni nchi ya Wawangkangurru na Wayarluyandi, waliokuwapo kabla ya wafugaji wa Kizungu.

Kwa nini baa ijengwe mahali kama hapo? Kwa sababu ya ng'ombe na ushuru. Mpaka wa Australia ya Kusini uko kilomita chache kutoka mjini, na kabla ya makoloni kuungana mwaka 1901, mifugo iliyovuka ilitozwa ushuru Birdsville. Wachungaji waliswaga makundi kwa njia ndefu ya kusini hadi Marree, zaidi ya kilomita 500, na hapa ndipo walipopumzika. Mji mdogo huu uliwahi kuwa na hoteli tatu. Ushuru ulipofutwa, riziki ya mji ikafifia.

Jengo lenyewe halina madaha. Ni nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, yenye kuta za mawe ya mchanga na paa la mabati. Miti ya kupasua mbao ni adimu huko, ila mawe yapo, na ukuta mnene wa mawe huchelewesha joto kuingia ndani. Hilo si jambo dogo: mwezi Desemba 1972 kipimajoto cha Birdsville kilifika nyuzi 49.5 za Selsiasi. Ndani ya baa, kofia kuukuu za wateja zimetundikwa darini. Msafiri huzitazama kofia hizo kwanza. Sisi tungemshauri aanze na ukuta.

Vitu ambavyo nyika haikuvitoa vilisafirishwa kutoka mbali, aghalabu kwa misafara ya ngamia. Waswaga ngamia waliitwa wote 'Waafghani', ingawa wengi walitoka Baluchistan na Punjab, na walikuwa Waislamu. Wenzao Wabaluchi twawafahamu katika pwani yetu, Mombasa na Unguja, walikokuja kama askari wa Waomani.

Lakini urithi wa baa ni pamoja na wale waliofungiwa nje. Waaborijini walikuwa miongoni mwa wachungaji hodari wa nyika, hata hivyo kwa miongo mingi, hadi miaka ya 1960, sheria za Queensland zilikataza wauziwe pombe. Jambo hili si geni kwetu. Serikali za kikoloni za Kenya na Uganda nazo ziliwanyima Waafrika pombe kali za chupa. Wanawake nao hawakuruhusiwa kuhudumiwa katika baa za umma. Mwaka 1965 Merle Thornton na Rosalie Bogner walijifunga kwa mnyororo kwenye baa ya Hoteli ya Regatta, Brisbane, na sheria hiyo haikubadilishwa hadi mwaka 1970. Kwa hiyo mtu anapoandika kwamba baa ya nyikani ilikuwa 'sebule ya wote', tunamwomba ataje mwaka.

Hatua chache kutoka hapo yamesimama magofu ya hoteli nyingine, Royal, ya mwaka 1883. Hiyo ilipoacha kuuza pombe iligeuzwa kuwa hospitali: misheni ya mchungaji John Flynn iliitumia kuanzia mwaka 1923 hadi 1937, na wauguzi wakahudumia wagonjwa katika vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya wasafiri. Kwa maoni yetu historia yake ni nzito kuliko ya jirani yake. Mwaka 1992 serikali ya Queensland iliiandikisha katika daftari la urithi, kuta zikiwa zimekwisha kubomoka. Jirani yake bado inauza bia, na kila inapofika wiki ya mbio za farasi, zilizoanza mwaka 1882, maelfu ya watu hupiga mahema kuuzunguka mji.