Nuru na Jina Lake: Historia Fupi ya Usanisinuru

Kila mkulima anajua kwamba mahindi yaliyopandwa kivulini hayazai vema. Hata hivyo, wanazuoni wa Ulaya walikawia karne nyingi kulitambua jua kuwa ndilo chanzo cha nguvu za mmea. Tangu zama za Aristotle ilisadikiwa kwamba mmea hupata chakula chake kutoka ardhini kwa njia ya mizizi.

Jan Baptist van Helmont, mganga wa Brussels, aliijaribu imani hiyo. Alipanda mche katika ratili 200 za udongo mkavu, akaunywesha maji kwa miaka mitano. Mti uliongezeka zaidi ya ratili 160, ilhali udongo ulipungua wakia 2 hivi. Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1648, baada ya kufa kwake, alikata shauri kwamba mti umetokana na maji matupu. Ajabu ni kwamba huyo ndiye aliyelibuni neno «gesi», akaifahamu na ile itokayo katika makaa yawakayo. Lakini hakudhani kwamba mti wake uliumbwa kwa hewa hiyo.

Mwaka 1771, Mwingereza Joseph Priestley alitia shina la mnanaa katika hewa ambamo mshumaa ulikuwa umezimika. Baada ya siku kadhaa, mshumaa uliweza kuwaka tena humo. Alipoyarudia majaribio hayo miaka ya baadaye, matokeo yalipingana, kwani swali lake lilihusu hewa, si mwanga. Jan Ingenhousz, mganga Mholanzi, ndiye aliyelifumbua fumbo hilo mwaka 1779: sehemu za kijani tu ndizo zinazoitakasa hewa, tena zikiwa katika nuru.

Jean Senebier wa Geneva alionyesha mwaka 1782 kwamba kazi hiyo yahitaji hewa ukaa. Mwenzake wa mji huo, Nicolas-Théodore de Saussure, alithibitisha mwaka 1804 kwamba maji nayo huingia katika mwili wa mmea. Mwaka 1845, Mjerumani Julius Robert Mayer alitamka kwamba mimea huigeuza nguvu ya nuru kuwa nguvu ya kikemia.

Jina lilibaki nyuma ya maarifa. Wataalamu waliendelea kusema «asimilasio», neno lililotumika pia kwa lishe ya wanyama, nalo likauficha mwanga. Mwaka 1893, Mmarekani Charles Barnes alilikosoa, akapendekeza «fotosintaksi», jina lililoshiriki asili na lile ambalo wanaisimu huliita sintaksi. Wanabotania wakachagua «fotosintesi».

Kiswahili kimeunganisha usanisi na nuru, kikapata «usanisinuru». Mwanafunzi wa Kongo aliyekariri photosynthèse bila kuijua asili yake ya Kigiriki anaweza kuisoma maana katika neno lenyewe: jani huunda sukari kwa nuru. Lile lililowakwepa Van Helmont na Priestley limo ndani ya jina. Kwa hiyo kuunda istilahi si kupamba elimu. Ni sehemu ya kuielewa.