Mjane Aliyeandika Meza ya Wamarekani

Kila Siku ya Shukrani (Thanksgiving), yaani Alhamisi ya nne ya Novemba, majani yakiwa yamekwisha kupukutika, nyumba nyingi za Marekani hupakua chakula kilekile: bata mzinga aliyeokwa mzima, viazi vya kuponda, mchuzi mwekundu wa kranberi na pai ya boga. Vizazi vya watoto vimefundishwa shuleni kwamba hiyo ni karamu ya mwaka 1621, Waingereza waliohamia Plymouth walipokula pamoja na wenyeji wa nchi, Wawampanoag. Karamu hiyo ilikuwepo kweli, ila meza yake haikufanana na hii.

Tunachokijua kinatoka hasa kwenye barua ya Edward Winslow ya Desemba 1621, tena katika sentensi chache. Mavuno yalipokwisha, gavana aliwatuma watu wanne kuwinda ndege, nao wakarudi na kitoweo cha karibu wiki nzima. Akaja Massasoit, mkuu wa Wawampanoag, na wanaume wapatao 90, wakakaa siku tatu; wageni hao nao waliingia porini wakaleta kulungu watano. Bata mzinga hatajwi. Mahindi, ambayo mwenyeji mmoja aitwaye Tisquantum aliwafundisha Waingereza kuyapanda, yalisongwa yakawa uji mzito ambao mla ugali yeyote angeutambua. Viazi havikuwepo, unga wa ngano ulikuwa haba, na pai haikuwezekana. Uma nazo hazikuwepo. Watu walitumia kisu, kijiko na vidole. Katika abiria 102 wa Mayflower, meli iliyowaleta Waingereza hao, karibu nusu walikufa majira ya baridi yaliyotangulia, na wanawake walioolewa walikuwa wamebaki wanne tu. Hao, wakisaidiwa na mabinti wachache, ndio waliokuwepo kulisha watu wapatao 140. Barua haisemi lolote juu yao.

Baada ya hapo karamu ilisahaulika. Katika eneo hilo, New England, magavana waliendelea kutangaza siku za shukrani, lakini zilikuwa siku za ibada kwanza, na chakula kilifuata watu wakitoka kanisani. Ni mwaka 1841 tu ambapo Alexander Young wa Boston, akiichapa upya barua ya Winslow, aliandika katika tanbihi kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa Shukrani ya kwanza.

Kufikia hapo meza ilikuwa imekwisha kuandikwa na mtu mwingine. Sarah Josepha Hale alizaliwa mwaka 1788 huko Newport, New Hampshire. Mumewe, mwanasheria, alifariki mwaka 1822 akamwachia watoto watano, naye akaishika kalamu kwa sababu watoto hawana budi kula. Mwaka 1827 alitoa riwaya yake Northwood, na ndani yake akaitengea sura nzima karamu ya Shukrani katika nyumba ya mkulima.

Sura hiyo inafaa kusomwa ukiwa umeshiba. Kitambaa cha meza ni cheupe pe, mwenye nyumba amekisokota na kukifuma kwa mikono yake. Bata mzinga amewekwa upande wa juu wa meza, harufu ya vilivyojazwa tumboni mwake ikitangulia. Upande wa chini kuna nyama ya ng'ombe, mguu wa nguruwe ukiwa huku na nyama ya kondoo kule. Yupo bata bukini, wapo bata wawili wachanga, na pai ya kuku imeshika katikati. Pembeni pana meza nyingine ya vitamu, ambako pai ya boga imepewa kiti cha heshima. Nyama saba kwa mlo mmoja! Kadiri miaka ilivyopita nyingine ziliondoka, na bata mzinga akabaki. Haishangazi: ndege mmoja hutosha ukoo mzima, wala hakuna anayemtegemea kwa maziwa au kulima.

Tangu 1837 Hale alikuwa mhariri wa Godey's Lady's Book, jarida la Philadelphia ambalo kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe lilifikia nakala 150,000. Mama wa Ohio ambaye hakuwahi kuiona New England alipata humo mapishi ya mlo wa New England. Kuanzia 1846 mhariri huyo alidai pia Alhamisi ya mwisho ya Novemba iwe sikukuu ya taifa zima, akiwaandikia magavana na marais, mmoja baada ya mwingine. Henry Wise, gavana wa Virginia, alikataa: aliona mimbari za Shukrani zinatumika kupiga vita utumwa. Ajabu ni kwamba Hale alipinga wanawake kupiga kura. Kwake, mamlaka ya mwanamke yalikuwa nyumbani. Nyumbani huko ndiko alikoanzia hadi akamfikia Abraham Lincoln. Alimwandikia tarehe 28 Septemba 1863, na tarehe 3 Oktoba tangazo likatoka, lililoandikwa na waziri wa Lincoln, William Seward, miezi mitatu tu baada ya mapigano ya Gettysburg katika vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe.

Rais Franklin Roosevelt aliisogeza siku hiyo nyuma wiki moja mwaka 1939 ili wenye maduka wapate muda zaidi wa kuuza kabla ya Krismasi. Baadhi ya majimbo yaligoma, na mwaka 1941 Bunge likaweka Alhamisi ya nne kisheria. Meza nayo iliendelea kubadilika: bakuli la maharage mabichi yaliyookwa kwa supu ya uyoga ya kopo, ambalo wengi hudhani ni la tangu enzi za mabibi zao, lilibuniwa mwaka 1955 na Dorcas Reilly katika jiko la kampuni ya supu ya Campbell.

Lakini si wote wanaoisherehekea siku hiyo. Mwaka 1970, Wamsutta Frank James, Mwampanoag, alialikwa kuhutubia katika maadhimisho ya miaka 350 ya kufika kwa Mayflower. Waandalizi walipoisoma hotuba yake mapema, ikitaja makaburi yaliyofukuliwa na ardhi iliyoporwa, waliikataa. Siku ya Shukrani akakusanya watu kwenye kilima cha Cole's Hill, Plymouth, penye sanamu ya Massasoit. Wenyeji wa asili na wanaowaunga mkono hukutana hapo hadi leo kila mwaka, na wanaiita siku hiyo Siku ya Maombolezo. Wengi wao hufunga tangu jua la jana yake linapozama, na hula baada ya maandamano wanayofanya siku hiyo.