Kadherini: protini inayoshikamanisha seli za mimba changa

Katika siku za mwanzo, kiinitete cha mamalia hutegemea seli zake kushikamana. Kazi hiyo hufanywa hasa na protini iitwayo kadherini-E. Protini hiyo hujitokeza nje ya utando wa seli na kushikana na protini ya aina hiyo hiyo kwenye seli jirani. Mshiko huo huhitaji kalsiamu. Ikiondolewa, seli huachana.

Kiinitete cha panya hufikia seli nane takriban siku mbili na nusu baada ya yai kurutubishwa. Hadi hapo seli huwa za mviringo na hugusana tu, mithili ya gololi mfukoni. Saa chache baadaye hujibana na kuwa bonge moja.

Mwaka 1977, Rolf Kemler, François Jacob na wenzao wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walionyesha kuwa kingamwili kutoka kwa sungura zaweza kuzuia kujibana huko. Protini iliyohusika iliitwa kwanza uvomorulini. Jina la kadherini lilitolewa mwaka 1984 na Masatoshi Takeichi wa Japani na wenzake.

Kadherini-E huwamo katika seli hata kabla ya hatua hiyo. Kinachobadilika ni hali yake: huhamia pale seli zinapogusana na hupachikwa fosfati. Utafiti wa mwaka 1992 haukukuta fosfati hiyo kwenye viinitete vya seli mbili, bali ilikuwapo wakati wa kujibana. Aidha, wanasayansi walipoamsha kimeng'enya kinachopachika fosfati, yaani kinasi C ya protini, viinitete vya seli nne vilijibana kabla ya wakati.

Hata hivyo, fosfati haitendi kazi peke yake. Mwaka 2015 ilidhihirika kuwa nguvu ya kuvuta seli hutokana na nyuzi za aktini na miosini zilizo chini ya utando.

Umuhimu wa protini hiyo ulithibitishwa mwaka 1994. Viinitete vya panya visivyo na jeni yake vilijibana kwa akiba iliyotoka kwa mama, lakini vilishindwa kuunda tabaka la nje, ambalo huchangia kondo la nyuma, vikafa.

Kwa binadamu, wataalamu wa upandikizaji mimba huchunguza kujibana huko mnamo siku ya nne, kama mojawapo ya dalili za ubora wa kiinitete.