Sukari, Kazi ya Mama na Meno ya Mtoto: Kuoza kwa Meno ya Utotoni Mkoani Tabora

Kuoza kwa meno ya watoto ambao hawajafikia umri wa shule ya msingi huelezwa mara nyingi kuwa ni matokeo ya uzembe wa mzazi, na kwa sababu hiyo tiba inayopendekezwa huwa ni kuwahubiria akina mama. Makala haya yanashikilia kwamba mkoani Tabora maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa jino la mtoto huharibika ndani ya mfumo wa biashara, kazi na huduma ambao mama hakuuweka na hawezi kuubadilisha peke yake.

Bakteria wanaoishi katika ukoga, yaani utando laini unaojijenga juu ya jino, huichachusha sukari na kutoa asidi, na kiwango cha pH kinaposhuka chini ya takriban 5.5, madini ya enameli, ambayo ni gamba gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka. Mate huweza kuyarudisha madini hayo yakipewa muda. Ndiyo maana marudio ya sukari huumiza meno kuliko wingi wake, kama ulivyobainisha utafiti wa Vipeholm nchini Sweden uliochapishwa mwaka 1954, utafiti ambao maadili ya leo yasingeuruhusu, kwa kuwa ulifanywa kwa watu wenye ulemavu wa akili. Meno ya utotoni, ambayo ni 20, yana enameli nyembamba kuliko ya ukubwani, hivyo tundu hufika mapema kwenye kiini chenye neva.

La kuchunguzwa, basi, ni kile kinachoamua mtoto aonje sukari mara ngapi kwa siku. Katika karne ya 19, Tabora ilipokuwa kitovu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, mizigo iliyopandishwa bara na wapagazi wa Kinyamwezi ilikuwa hasa nguo, shanga na nyaya, bidhaa ambazo thamani yake ilifidia gharama ya kubebwa begani kwa miezi. Sukari isingeweza kuwa chakula cha kila siku cha mtoto wa kijijini, na utamu wa nchi ulikuwa asali ya misitu ya miombo. Asali nayo huozesha meno, lakini ilifuata msimu wa nyuki. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilishusha gharama ya uchukuzi, na barabara zikaendeleza kazi hiyo, hata leo duka dogo la kijijini Urambo au Sikonge huuza pipi moja moja, biskuti, soda na sukari ya kupimwa. Mswaki wa mtoto na dawa ya meno yenye floraidi havigawanyiki namna hiyo: pipi hununuliwa kwa sarafu, ilhali dawa ya meno hudai fedha ya mkupuo.

Fedha ya mkupuo katika vijiji vya tumbaku huja baada ya masoko ya zao hilo, na kabla yake kuna miezi ya kitalu, palizi, uvunaji na ukaushaji kwenye mabani, yaani mabanda ya kukaushia tumbaku. Mama anayeshinda shambani humwacha mtoto kwa bibi au kwa dada ambaye naye bado ni mtoto, na kitu kitamu huwa njia rahisi ya kumnyamazisha anayelia. Kumwita mama huyo mzembe ni kumtwika lawama ya ratiba aliyopangiwa na zao.

Kwamba wazazi wanayajali meno ya watoto huthibitishwa, kwa uchungu, na imani ya meno ya nailoni, ambayo imeripotiwa nchini Tanzania tangu miaka ya 1980. Mtoto mchanga anayeharisha au kupata homa hudhaniwa kuwa na meno mabaya ndani ya ufizi, akapelekwa kwa mganga anayeyachokoa machipukizi ya meno ya chonge. Hatari ya damu kuvuja na maambukizi ni kubwa, na ugonjwa wenyewe hubaki bila tiba. Wazazi hao wametembea, wamelipa na wamehangaika. Walichokosa ni mhudumu wa afya wa karibu wa kuwaeleza.

Mhudumu huyo yupo tayari katika kliniki ya mama na mtoto, ambako mtoto hupimwa uzito na kuchanjwa muda mrefu kabla hajafikishwa kwa daktari wa meno akiwa na maumivu. Kuinua mdomo wa juu na kutazama madoa meupe kwenye meno ya mbele, ambayo ni dalili ya kwanza ya kuoza, huchukua chini ya dakika moja. Mbinu ya kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono na kuliziba kwa saruji inayonata, bila umeme wala mashine, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza saruji hiyo pamoja na dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Halmashauri za Tabora zinapaswa kuufanya ukaguzi wa meno kuwa sehemu ya kila hudhurio la kliniki, na kuvipatia vituo vya afya vya vijijini vifaa hivyo vya mkono na watu waliofundishwa kuvitumia.