Fahamu: Kwa nini sarafu moja ya Afrika Mashariki bado haijafika

Katika soko la dagaa la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, wateja hutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Kila mmoja ana sarafu yake, na kila anapobadilisha fedha faida inapungua.

Zamani haikuwa hivyo. Kuanzia 1921, Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia Shilingi moja ya Afrika Mashariki. Abiria wa meli ya Victoria, iliyoanza safari 1961, alilipa Kisumu, Port Bell na Mwanza kwa noti ileile.

Ilivunjikaje?

Shilingi hiyo ilitolewa na Bodi ya Sarafu, ambayo haikuwa benki kuu. Noti zake zilitegemea zaidi akiba ya paundi za Uingereza. Baada ya uhuru, kila serikali ilitaka kupanga mikopo na maendeleo yake. Tanzania pia ililalamika kwamba Kenya, yenye viwanda vingi, inauza kwa majirani kuliko inavyonunua kwao. Juni 1965 ikatangazwa kwamba kila nchi itakuwa na sarafu yake. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966.

Jumuiya iliundwa 1967, na mwanzoni shilingi tatu zilibaki na thamani sawa. Miaka ya 1970 vizuizi vya fedha za kigeni viliongezeka, na biashara ikawa ngumu. Siasa nazo zikachangia, hasa baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Uganda. Jumuiya ilivunjika 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983.

Na sasa?

Itifaki ya Umoja wa Fedha ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013. Lengo la 2024 limesogezwa hadi 2031. Kabla ya kujiunga, nchi inatakiwa kuwa na mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8 na deni la umma lisilozidi asilimia 50 ya pato la taifa.

Masharti hayo yana sababu. Ugiriki, iliyokuwa ndani ya euro, ilipoelemewa na madeni haikuweza kushusha thamani ya sarafu yake. Kuanzia 2010 ilikopeshwa na wenzake, lakini mishahara na pensheni zikakatwa.

Kwa mfanyabiashara wa Mwaloni, sarafu moja itaondoa gharama ya kubadilisha fedha. Lakini mwanachama mmoja akielemewa na deni, nani atamsaidia, na kwa masharti gani? Hilo linapaswa kukubaliwa kabla noti ya kwanza haijachapishwa.